Nakurudishia Jina Lako

Mtaa wa Avon, nyumba namba 61, ghorofa ya pili,
Lawrence, Massachusetts.
Jumapili, 3 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Wilfrido,

Leo imetimia miaka hamsini na mmoja kamili tangu niondoke La Jagua, na miaka thelathini na minane na wiki sita tangu nikanyage huko mara ya mwisho. Nimeitafuta kalenda ya mwaka ule: siku niliyoondoka nayo ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimelisahau hilo, ingawa nakumbuka vizuri kwamba Mama alinisindikiza akiwa na kofia yake ya kanisani.

Hujambo, mdogo wangu? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo bado unakuruhusu kuinama uwanjani. Zaidi ya hayo naomba imkute Obdulia ana nguvu za kuketi kitandani na kusomewa. Msimsomee harakaharaka. Nakumbuka hapendi mtu anayemeza maneno.

Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu anayekaribia miaka sabini na miwili. Figo zimechoka. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nasafishwa damu kwa mashine hospitalini, nami huku nasoma kitabu. Nimesoma zaidi kwenye kiti kile kuliko kwenye mabasi yote ya ligi ndogo ya besiboli, na safari za mabasi yale zilikuwa ndefu. Theluji imefikia dirisha la chini. Watu wetu wa mtaa huu wanaizoa kwa koleo huku wakiitukana matusi ya San Pedro, basi angalau masikio yangu yako nyumbani. Jumatano hii Kwaresima inaanza, na jirani yangu ameshaanza kupika maharage matamu ya maziwa ya nazi. Mimi nimekatazwa kuyala. Harufu yake hawajanikataza bado.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Binti yako Yudelka ameniandikia. Ameniambia moyo wa mama yake umevimba, daktari hahesabu tena miaka bali miezi, na kasisi alipokuja kumwombea Obdulia alimwambia jambo moja tu: kwamba anataka kufa akiwa mke wa mtu, si “yule mama anayeishi na Wilfrido”. Miaka arobaini na mmoja mmeishi pamoja na hamjaoana. Sababu unaijua, nami naijua, kwa kuwa sababu ni mimi.

Yudelka ni mtoto mwenye adabu, lakini hakuniondolea maneno yako. Ameyaandika kama ulivyoyasema: “Muulize huyo baba mkubwa wako kama ameshamaliza kulitumia jina langu.”

Jibu ni ndiyo, Wilfrido. Nimemaliza. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili na kadi moja. Karatasi ya kwanza ni kiapo changu mbele ya mwanasheria, na kimeandikwa kwa mistari sita tu. Mistari sita ni michache mno kwa maisha ya watu wawili, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika mimi mwenyewe hapa, ili uone kama tunakumbuka kitu kimoja.

Tuanze na cheti. Mimi nilizaliwa Machi, katikati ya msimu wa kukata miwa. Baba hakuwa na siku ya kwenda mjini kuniandikisha isipokuwa Jumapili, na Jumapili ofisi imefungwa. Alisema ataenda msimu ukiisha. Ukaisha, nikawa nimeshaanza kukaa, akaona hakuna haraka. Wewe ulizaliwa Septemba, wakati kiwanda cha sukari kimezimwa na kila mwanamume wa kambi yetu ya miwa ameketi barazani hana la kufanya. Baba akatembea kwa miguu hadi mjini siku ya tatu tu, akarudi na karatasi yenye muhuri. Ndivyo wewe ulivyopata cheti nami nikakosa. Tumetofautiana majira tu.

Halafu uwanja wetu wa besiboli, pale kati ya reli ya miwa na mabanda ya wafanyakazi. Asubuhi ya kila mechi tulipita tumeinama, wewe na mimi, tukiokota kokoto moja moja na kuzitia mfuko wa nyuma, kwa sababu kokoto moja inatosha kuurusha mpira kwenye meno ya mtu. Mimi nilisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, wewe kwenye kituo cha pili. Ulikuwa na miaka kumi na sita na glavu uliyoishona kwa turubai la kiwanda. Mpira ukigongwa upande wangu, niliudaka nikaurusha kituoni bila kutazama, nikijua utakuwa umefika. Ulikuwa umefika daima. Ukiugusa mpira ulikuwa umeshauachia kwenda kituo cha kwanza, na wakimbiaji wawili wametoka kwa mpira mmoja. Nimecheza na watu waliolipwa mishahara mikubwa kwa kazi hiyo. Hakuna aliyefika kwa wakati kama wewe.

Don Quirico, yule msaka vipaji mwenye kofia ya majani na meno ya dhahabu, alikuja mwezi wa pili mwaka sitini na nane. Alinitazama mechi mbili. Halafu akaja nyumbani, akaketi kwenye kiti kizima cha pekee tulichokuwa nacho.

“Mama, huyu mwanao mkubwa ana miaka mingapi?”

“Mwezi ujao anafikisha ishirini na mmoja,” Mama akasema kwa fahari.

“Na cheti?”

“Cheti hana.”

“Basi nimepoteza petroli yangu bure. Ishirini na mmoja, tena hana cheti! Huyo si mchezaji, mama, huyo ni mkata miwa anayejua kuruka.” Kisha akakugeukia wewe. “Na huyu dogo?”

“Kumi na sita. Huyu anacho.”

“Huyu mwepesi, lakini bado ni mua wa miezi mitatu, upepo unamlaza. Nikimpeleka leo watanirudishia kesho.” Akatutazama kwa zamu. “Lakini mnashindwa nini? Mwili upo nyumba hii, karatasi ipo nyumba hii. Nyie tu ndio hamjaviweka pamoja.”

Mama hakukuamuru. Nataka niwe wa haki kwake. Alitoa cheti kwenye kopo la biskuti, akakishika, akakuuliza: “Wilfrido, unamwazima kaka yako?”

“Kwa muda gani?”

Mimi ndiye niliyejibu. “Mwaka mmoja tu. Nikishapata nafasi wataniandikisha kwa jina langu.”

Ukakwaruza mguu, ukasema, “Haya. Ila kaka, usikichafue.”

Ulisema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosema kuhusu shati. Unakumbuka lile shati jeupe la mzee Nathaniel? Mabanda sita yalikuwa na shati zuri moja. Aliyeoa alilivaa, aliyepigwa picha alilivaa, aliyekwenda kumzika mkwewe alilivaa, kisha alilifua, akalipiga pasi na kulirudisha. Hakuna aliyewahi kukaa nalo. Tulikuwa watu wa kuazimana kila kitu, sufuria, kitanda, hata mtoto wa kutumwa dukani, na vyote vilirudi. Ndiyo maana hatukuogopa. Tulidhani jina nalo litavaliwa, lifuliwe, lirudi. Mjini wasingefanya kosa hilo. Lilikuwa kosa la watu waaminifu.

Mwaka wa kwanza walinipeleka mji mdogo wenye baridi huku Marekani, ambao jina lake sikuweza kulitamka. Kocha aliita “Wilfrido!” nami sikugeuka. Aliita tena, nikaendelea kufunga viatu. Baada ya wiki mbili walinipeleka kwa daktari wa masikio. Akaniwekea vyombo, akapiga kengele ndogo kushoto na kulia, akaandika kwamba nasikia vizuri kuliko kawaida. Kocha akaniambia kupitia kwa Mkuba mmoja: “Kama si kiziwi, basi ni jeuri.” Sikuwa kiziwi wala jeuri. Nilikuwa nakusubiri wewe uitike.

Miaka saba nilikaa ligi ndogo. Nilijifunza Kiingereza kwa vitabu vya maktaba, ambavyo nilivichukua mji mmoja nikavirudisha kwa posta kutoka mji mwingine. Mwaka sabini na tano, mwezi wa sita, wakanipandisha ligi kuu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Gazeti lilisema kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mikono ya haraka.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Mechi ya kwanza, raundi ya nne, mkimbiaji yuko kituo cha kwanza, mpira ukagongwa upande wangu wa kushoto. Niliudaka nikiwa nimepiga goti, nikaurusha kituo cha pili bila kutazama, kama La Jagua. Hapakuwa na mtu. Yule jamaa wa kituo cha pili alikuwa bado hatua mbili nyuma, na mpira ukapita ukaenda hadi kwenye majani ya mbali. Wapinzani wetu wakapata pointi. Watu elfu thelathini wakazomea, nami nikasimama pale nimeshangaa kwa nini hukuwapo. Kosa langu la kwanza katika ligi kuu nililifanya kwa kukuzoea wewe. Na kwenye vitabu vya kumbukumbu limeandikwa kwa jina lako.

Majira ya baridi nilirudi kucheza San Pedro, na hayo uliyaona kwa macho yako. La Jagua nzima ilikuja uwanjani, na La Jagua nzima ilijua. Mtangazaji akisema “Wilfrido Maynard!” walipiga makofi kwa kunielekea mimi, kisha wakakugeukia wewe jukwaani. Siku niliyokosa mpira rahisi, nilisikia hadi uwanjani.

“We Wilfrido! Mpira umekupita chini ya miguu, na wewe umekaa hapo unatafuna karanga!”

“Niacheni, bwana,” ukawajibu, “leo nimeamka vibaya.”

“Kesho uje umevaa viatu!”

“Kesho mtanilipa?”

Walicheka hadi mwamuzi akageuka. Nami nilicheka nikiwa nimeficha uso kwa glavu. Nilidhani tunacheka wote. Baadaye nilianza kuona kwamba unawajibu bila kuinua kichwa, na mwaka sabini na saba hukuja uwanjani kabisa. Nilijiambia una kazi nyingi.

Mwaka sabini na tisa, mwezi wa nane, mkimbiaji aliteleza kituo cha pili akiwa ameinua mguu, akaniingia gotini. Mechi mia nne na mbili, ikawa mwisho. Nilipiga vibaya na kudaka vizuri. Hiyo ndiyo kazi yangu yote kwa sentensi moja. Baada ya hapo niliwafundisha vijana kudaka, kisha nikawa mtunza uwanja wa shule hapa Lawrence miaka ishirini na miwili. Nilichekea moyoni Yudelka aliponiambia nawe ulikabidhiwa uwanja wa kambi. Kumbe wote wawili tumezeeka tukiokota kokoto.

Sasa Januari ya themanini na moja, ambayo sote tumeikwepa. Nilikuja kwa gongo la kutembelea kwa sababu Mama alikuwa anaondoka. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia ambalo hakuna kati yenu aliyewahi kuniambia: kwamba mwaka sabini alikuja msaka vipaji mwingine, akakutaka wewe. Ulikuwa na miaka kumi na minane na mwili umeshakomaa. Akaandika jina na tarehe ya kuzaliwa, akapeleka kwa wakubwa wake. Wiki tatu baadaye alirudi akakukuta umekaa kwenye ngazi na begi limefungwa.

“Kijana,” akakuambia, “wameniambia wewe tayari uko Marekani unacheza.”

Jumatatu yake ulichukua panga ukaingia kwenye miwa.

Nilimuuliza Mama kwa nini hukuniandikia. Nilikuwa ligi ndogo bado, ningeweza kuacha. Akasema: “Nilimwambia akuandikie. Akasema mwaka mmoja wa kaka haujaisha.”

Nimesoma vitabu vingi, Wilfrido. Sijapata sentensi iliyonikaa mwilini kama hiyo.

Wiki ileile baada ya mazishi, wewe na Obdulia mlikwenda kuandikisha ndoa. Sikujua mnakwenda. Ningejua ningewazuia, kwa sababu mwaka sabini na sita nilimwoa Noemí kwa jina lako na nikaiandikisha ndoa ile ubalozini. Nilisimuliwa na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni siku ile. Karani alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akavua miwani.

“Bwana Wilfrido Maynard, wewe unaye mke. Anaitwa Noemí Ayala. Huyu uliyekuja naye ni nani?”

Obdulia akashika kiuno. “Hata mimi nataka kujua. Huyo Noemí ni mzuri?”

“Mimi sijamwona, mama, mimi nimesoma tu.”

“Hata huyu hajamwona! Ameoa kwa kusoma!”

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mlipofika kambini mmeshatanguliwa na habari, na watoto wakawapokea kwa kuimba “Bwana wa wake wawili.” Obdulia alicheka nao. Ana moyo mkubwa, na si kwa ugonjwa tu. Lakini Yudelka anasema usiku ule alilikunja gauni aliloshonewa, na hadi leo liko sandukuni.

Wewe hukucheka. Asubuhi ulinikuta uwanjani. Ulikuwa na kokoto mkononi.

“Kaka, sasa yatosha. Nirudishie.”

Nikaanza kukueleza. Noemí na watoto wawili, karatasi zao zimeegemea zangu. Nikikiri, ndoa inavunjika, pengine tutafukuzwa. Yote yalikuwa kweli. Nikasema, “Ningoje kidogo, mdogo wangu.”

“Nimekungoja mwaka mmoja,” ukasema, “na huu ni wa kumi na tatu.”

Ukasema tena, bila kupaza sauti: “Siku ukirudi hapa, njoo na jina langu. Usipokuwa nalo, baki hukohuko.” Kisha ukainama ukaendelea kuokota. Niliondoka siku ile. Uliniachia neno rahisi kulitii, maana kubaki ni rahisi.

Sitaki Noemí alaumiwe. Alijua tangu kabla ya kuolewa, na nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, aliniita Anselmo. Ni yeye tu na Mama waliowahi kuniita hivyo kwa miaka hamsini. Mara tatu aliniambia, “Mrudishie ndugu yako, sisi tutajua la kufanya.” Mara ya kwanza nilisema watoto ni wadogo. Mara ya pili nilisema wako shuleni. Mara ya tatu hawakuwa wadogo wala shuleni, na nilichosema sikikumbuki. Niliogopa tu. Alifariki Juni iliyopita. Mungu amlaze pema.

Baada ya barua ya Yudelka nilimwomba binti yangu Dalia anipeleke kwa mwanasheria. Ni mwanamke kijana, wazazi wake ni wa Baní huko kwetu, akanihudumia kama babu yake. Aliposikia yote aliweka kalamu chini.

“Mzee, ukisaini hapa, kisheria wewe si Wilfrido Maynard. Sasa ni nani?”

“Anselmo.”

“Karatasi gani inasema hivyo?”

“Hakuna.”

“Hakuna hata moja? Ya ubatizo?”

“Kanisa liliezuliwa na kimbunga, mwanangu, madaftari yakaenda nalo.”

Akanieleza polepole. Kwa umri wangu na ugonjwa wangu huenda wakaniacha nife kwa amani, na hospitali haitanizimia mashine. Lakini pasipoti lazima niikabidhi, na nyingine sitapata, si ya hapa wala ya kwetu, kwa kuwa hakuna nchi yenye habari kwamba nilizaliwa. Sitaweza kupanda ndege. Dalia alinishika mkono, akasema, “Baba, tunaweza kwenda kwanza umwone, halafu usaini tukirudi.” Nilifikiria, sitakudanganya. Nilifikiria kwa siku nzima. Nilijiona nikishuka kwenye gari pale relini. Lakini ningekuja na jina lako mfukoni na kuondoka nalo tena, na kesi kama hizi huchukua wiki nyingi ofisini. Obdulia hana wiki za kupoteza. Tena nilikuwa nimeshasema “ningoje kidogo” mara moja.

Nilisaini Jumanne, tarehe ishirini na sita Februari, saa nne asubuhi.

Mwanasheria ameshamtumia Yudelka nakala kwa kompyuta, na wakili wenu wa San Pedro anasema ile ndoa ya mwaka sabini na sita itafutwa kwenye daftari lako kabla ya Pasaka. Jumamosi inayofuata Pasaka kasisi yuko tayari. Obdulia aambiwe gauni litolewe sandukuni lipate hewa.

Karatasi ya pili ni cheti chenyewe, kilekile cha kopo la biskuti. Kimekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika, kishike kwa mikono miwili. Uliniambia nisikichafue. Kuna doa moja chini ya muhuri. Ni kahawa, basi lilishika breki ghafla, mwaka sitini na tisa. Nimejaribu kulitoa kwa kila njia na limekataa. Nisamehe kwa doa hilo. Kwa mengine sikuombi unisamehe kwa barua, kwa sababu ungelazimika kunijibu.

Kadi ndiyo ile waliyochapisha ligi kuu, yenye sura yangu na jina lako, na nyuma tarehe yako ya kuzaliwa. Iweke au ichome, upendavyo.

Dalia atakuja kwenye harusi. Hamjaonana, lakini utamjua, ana kipaji cha uso cha Mama na anatembea kama aliyechelewa. Atakuletea shati jeupe. Nimekisia shingo kumi na sita. Ikibana, fungua kifungo, Obdulia hatajali. Shati hilo si la kuazima, Wilfrido. Ni lako, usimrudishie mtu.

Nisalimie Yudelka na watoto wake, na wajukuu wa mzee Nathaniel kama bado wako mabandani. Mnisalimie wote waliokuzomea jukwaani kwa makosa yangu, walio hai. Ukipita kaburini kwa Mama, mwambie mwaka umekwisha. Obdulia, shemeji yangu, leo nakuita hivyo kwa haki: nakuombea pumzi ya kutosha kusema “ndiyo” kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Mungu awafunike nyote, na mvua isinyeshe uwanjani Jumamosi ile.

Uliniambia nikirudi nije na jina lako. Jina ninalituma kwa mkono wa posta. Mimi mwenyewe sitarudi.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda hata nilipokunyima,

Anselmo